Zuhura Haijibu Dua

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na vyote vilivyomo. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, wa mwisho katika Mitume, na Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Katika darsa yetu ya hapa Kiganjo, Thika, tumeletewa suala ambalo kwanza lilitushangaza, kisha tulipolitafakari tukaona kuwa jawabu lake lawahusu Waislamu wengi, wa huku bara na wa kwetu Pwani. Vijana wametuuliza: Wako watu wa Ulaya na Marekani wasemao kwamba katika nyota mna viumbe wenye ilimu kubwa kuliko sisi, kwamba viumbe hao hutujia kwa vyombo virukavyo mfano wa visahani, na kwamba mlima wa Kilimanjaro umetiwa nguvu takatifu kwa uwezo wao. Je, watu hawa ni nani? Wanaamini nini na kufanya nini? Na Muislamu akiyasikia maneno yao aseme nini?

Tutajibu kwa utaratibu, tukianza na yale wayasemayo wenyewe, kwani si haki kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza.

Watu hawa ni wa chama kiitwacho Aetherius Society. Mwasisi wake alikuwa Mwingereza, George King, aliyezaliwa mwaka 1919, ambaye kwa muda aliendesha teksi mjini London huku akijizoeza mazoezi ya yoga. Alisimulia kuwa siku moja ya mwezi wa Mei mwaka 1954, akiwa peke yake nyumbani kwake, alisikia sauti ikimwamuru ajitayarishe, kwani atakuwa msemaji wa baraza la sayari. Tangu hapo akawa huketi, hufumba macho, huzama katika hali ya kupagawa, kisha kinywani mwake hutoka maneno yanayodaiwa kuwa ni ya bwana mmoja wa sayari ya Zuhura, jina lake Aetherius. Mwaka uliofuata, 1955, alikiasisi chama chake, na mwaka 1959 akayaonyesha mambo hayo katika televisheni ya BBC. Alifariki mwaka 1997, walakini chama hakikufa naye. Kingalipo London, Los Angeles na penginepo.

Itikadi yao ni kwamba sayari nyingine zina wakaazi walioendelea kuliko wanaadamu, na kwamba walimu wakubwa wa dini walitoka huko. Husema kuwa Isa alitoka Zuhura, na Buddha vivyo hivyo, na Krishna wa Mabaniani alitoka Zohali. Huamini pia kuwa roho ya mtu ikitoka hurudi duniani katika mwili mwingine, mara baada ya mara, mpaka itakasike.

Ama matendo yao, makubwa ni matatu. La kwanza ni la milima. Baina ya mwaka 1958 na 1961 King na wenzake walishughulika na kazi ya kupanda milima, wakidai kuwa nguvu za kiroho zilipitishwa kutoka juu zikatiwa ndani ya milima hiyo. Milima wanayoihesabu kuwa mitakatifu ni 19. Mingi iko Uingereza, Scotland na Wales, mingine Marekani, Australia, New Zealand, Ufaransa na Uswisi, na mmoja wao ni Kilimanjaro chetu. Mfuasi hupanda, akainua mikono, akaomba, akiitakidi kuwa dua yake huzitoa nguvu zilizowekwa mlimani zikaenea duniani.

La pili ni la kuhifadhi dua. Tangu mwaka 1973 wana chombo walichokitengeneza mfano wa betri. Hukusanyika wakaimba nyiradi zao, kila mmoja kwa zamu huielekeza mikono yake kwenye chombo hicho, na saa za dua zikahesabiwa. Wasema kuwa dua hukaa humo kama umeme ukaavyo katika betri, na pakitokea zilzala au gharika mahali popote huifungulia ikaenda huko.

La tatu ni la nyakati. Huamini kuwa kiko chombo kikubwa kisichoonekana ambacho katika misimu maalumu ya mwaka huizunguka dunia, na kwamba tendo jema likitendwa katika misimu hiyo huzidishwa nguvu mara 3,000.

Hayo ndiyo maneno yao kwa mukhtasari. Sasa, Mwenyezi Mungu katika Suratul-Maida, aya ya 8, ametukataza chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Basi tuseme lililo haki. Watu hawa hatukusikia kuwa wameua mtu. Wasichanganywe na wale 39 waliojiua California mwaka 1997 wakidhani kuwa chombo kilichoifuata nyota yenye mkia kingewachukua, wala na yale ya Shakahola, nyuma ya Malindi, ambako mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe. Wafuasi wa King huombea amani ya ulimwengu na wagonjwa wasiowajua. Nia ya namna hiyo hatuidharau. Lakini nia njema haimwongoi msafiri aliyeshika njia siyo. Huenda ikamzidishia mwendo tu.

Vile vile tusiwapinge kwa lisilokuwa kosa. Kusema kuwa huenda wako viumbe wengine mbali na ardhi yetu si ukafiri. Katika Suratush-Shura, aya ya 29, Mola wetu ametaja viumbe aliowatawanya katika mbingu na ardhi, na kwamba anao uwezo wa kuwakusanya apendapo. Basi Muislamu hana sababu ya kuogopa chombo kinachopelekwa angani kutafuta dalili ya uhai. Wakipatikana viumbe huko watakuwa waja kama sisi, wenye Mola mmoja na sisi, wenye haja kwake kama tulivyo na haja sisi.

Basi kosa liko wapi? Liko katika mambo matatu.

Kwanza, ni katika chanzo cha ilimu. Mtu amefumba macho, amebadili sauti, amesema kuwa asemaye si yeye. Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kwenda London kulijua jambo hili. Nani kati yetu hakupata kusikia habari za kilinge, ubani ukafukizwa, ngoma ikapigwa, mteja akapandwa na pepo, na pepo akatoa kauli: nataka hiki, nataka kile? Tofauti ni kuwa pepo wa kilingeni hutaka pete na kilemba, na huyu wa London alileta mafunzo marefu. Dalili ya ukweli ni ipi katika yote mawili? Mitume walikuja na hoja zilizo wazi, wakaishi mbele ya macho ya watu, na mlango wa utume umefungwa na Bwana Mtume wetu, kama ilivyo katika Suratul-Ahzab, aya ya 40. Baada yake hapana sauti, ya angani wala ya kuzimuni, yenye haki ya kutuletea dini.

Pili, ni katika kuikataa dalili. Mwaka 1954 watu hawakujua hali ya Zuhura, kwani imefunikwa na mawingu mazito, na kila mtu aliweza kusema alitakalo. Mnamo Disemba mwaka 1962 chombo cha Wamarekani, Mariner 2, kilipita karibu nayo kikapima joto lake. Mnamo Disemba mwaka 1970 chombo cha Warusi, Venera 7, kilishuka juu ya ardhi yake na kuleta habari. Ikajulikana kuwa joto la huko ni zaidi ya digrii 450 za Selsiasi, na madini ya risasi huyeyuka kwa digrii 327 tu. Na uzito wa hewa yake ni kiasi cha mara 90 ya hewa yetu. Je, wafuasi waliyaacha maneno yao? La. Walisema kuwa wakaazi wa Zuhura wanaishi katika daraja nyingine ya uhai isiyoonekana wala kupimwa. Tazameni hila hii, ndugu zangu, kwani mtaikuta mahali pengi: neno husemwa kama habari ya kweli, likikutwa si kweli huhamishwa mahali ambapo hapana awezaye kulifuata.

Tatu, na ndilo kubwa, ni katika kuweka nguvu za Mwenyezi Mungu ndani ya vitu. Sisi tukaao Thika kila siku huuona mlima wa Kilimambogo, na kila aliyesafiri akauona Mlima Kenya au Kilimanjaro asubuhi isiyo na mawingu amejua ule uzito unaouingia moyo. Uzito huo ni haki, nao wapasa kumpeleka mtu kwa aliyeiumba milima. Bwana Mtume alisema juu ya mlima wa Uhud kwamba sisi twaupenda nao watupenda. Aliupenda, lakini hakuuomba. Na katika Suratul-A'raf, aya ya 143, tumesimuliwa kuwa Mola alipoudhihirikia mlima mbele ya Nabii Musa, mlima ulivunjikavunjika na Musa akaanguka akazimia. Ikiwa mlima wa Sinai haukuweza kustahimili, ni mtu gani awezaye kudai kuwa ameijaza Kilimanjaro nguvu takatifu na kuiacha kama mtungi wa maji?

Labda mtu atasema: Nanyi mnalibusu Jiwe Jeusi. Jawabu alikwisha kulitoa Sayyidna Umar. Alipolibusu alisema wazi kuwa ajua ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba lau hakumwona Mtume akilibusu naye asingelibusu. Twalibusu kwa kufuata, si kwa kutaraji kitu kwa jiwe.

Na dua je? Dua si mali ikawekwa akiba kwa siku ya haja. Ni maneno ya mja kwa Mola wake, na katika Suratul-Baqara, aya ya 186, Mola ametujulisha kuwa yeye yu karibu na humjibu mwombaji anapomwomba. Aliye karibu hahitaji betri. Mama wa Kiganjo aliyeinua mikono usiku kumwombea mwanawe aliyeko safarini amekwisha kufika. Hapana chombo baina yake na Mola wake, wala mlima, wala shekhe.

Tulipofika hapa katika darsa watu walicheka sana. Walilicheka sanduku la dua, wakamcheka na yule bwana wa Zuhura. Mwalimu akawaacha wacheke, kisha akawauliza: Ni nani kati yenu ajuaye nyota yake? Kicheko kikakatika.

Ndugu zangu, hapa ndipo tulipotaka kuwafikisha. Mwingereza aliisikia sauti ya Zuhura mwaka 1954. Sisi tulikuwa tukiiuliza Zuhura ushauri kabla babu yake hajazaliwa. Jina la mtu na jina la mama yake huhesabiwa kwa abjadi, hesabu ikagawanywa kwa kumi na mbili, na masazo yake huitwa nyota ya mtu yule: huyu Asadi, nyota ya moto, yule Saratani, nyota ya maji. Kisha nyota hiyo ndiyo huamua siku ya kusafiri, siku ya kufungua duka, na mtu wa kuoa.

Wala haya si ya zamani. Hapa hapa Kiganjo yuko binti wa watu wa Pwani aliyeposwa na kijana afanyaye kazi kiwandani, mwenye kuswali, asiyejulikana kwa tabia mbaya. Wazee wa pande mbili walikwisha kuonana na mahari ilikwisha kutajwa. Babake akayapeleka majina mawili kwa simu kwa mpiga falaki aliyeko Pwani, na ada akaituma kwa M-Pesa. Jawabu likarudi siku ile ile: moto na maji havikai nyumba moja, mmoja wao atazikwa kabla ya mwaka. Posa ikarudishwa. Binti angali nyumbani, na kijana amehama mtaa kwa aibu ya kosa asilolitenda.

Twauliza kwa heshima: Kuna tofauti gani baina ya mzee huyu na yule apandaye Kilimanjaro kutafuta nguvu za watu wa Zuhura? Huyu wa mlimani alau hakumdhulumu mtu. Mzee wetu amezirudisha nyuma roho mbili kwa hukumu ya sayari ambayo yeye mwenyewe, akitoka nje magharibi, hawezi kuionyesha kwa kidole.

Wako watakaojibu kuwa wao hawaziabudu nyota, bali huzitumia kama sababu tu, kama mgonjwa atumiavyo dawa. Hoja hii tuipime. Dawa ni sababu ambayo Mwenyezi Mungu ameijaalia, nayo hujaribiwa. Isipofaa yajulikana kuwa haikufaa, na daktari huibadili. Lakini mpiga falaki akibashiri mauti na mtu asife, husema kuwa talasimu yake ndiyo iliyomwokoa. Akifa, husema: Sikuwaambieni? Hiyo si sababu. Ni ile ile hila ya wakaazi wa Zuhura wasiopimika. Na wale walioambiwa waache masanamu walikuwa na udhuru wa namna hii hii, kwani katika Suratuz-Zumar, aya ya 3, wametajwa wakidai kuwa wao huyaabudu ili tu yawakurubishe kwa Mwenyezi Mungu. Udhuru wao haukukubaliwa. Bwana Mtume naye ametuonya kuwa amwendeaye mpiga ramli akamuuliza jambo, sala zake za siku arubaini hazikubaliwi. Ni hasara iliyoje kununua kwa fedha yako kitu kinachokupotezea sala zako!

Wengine watasema kuwa twawatukana wazee wetu kwa kuipinga ilimu ya nyota. Hasha. Wazee wetu walizijua nyota kuliko sisi. Manahodha wa majahazi walitoka Lamu na Mombasa wakafika Maskati na Bara Hindi wakiongozwa nazo usiku. Kwa nyota kibla hujulikana na nyakati hupangwa. Ilimu hiyo Mwenyezi Mungu ameitaja kuwa ni neema yake katika Suratul-An'am, aya ya 97, nasi twataka watoto wetu waisome hata wafike pale walipofika waliopeleka vyombo Zuhura. Kuitazama nyota ili ujue ulipo ni ilimu. Kuiuliza nyota ikwambie utakufa lini ni ujinga, hata ikiandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa wino wa zafarani. Mwanawe Bwana Mtume, Ibrahim, alipofariki jua lilipatwa, watu wakasema kuwa jua limemlilia. Mtume, naye akiwa katika msiba wa mwanawe, hakukubali heshima hiyo. Alisimama akawafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake.

Basi nasaha yetu ni hii. Mwenye binti akijiwa na mposaji aulize yale aliyotufundisha Mtume kuyauliza: dini yake na tabia yake. Aulize majirani zake, wenziwe wa kazi, na imamu wa msikiti anaoswali. Kisha binti mwenyewe aulizwe, kwani ni haki yake. Wakiingiwa na shaka waswali rakaa mbili za istikhara, wamwombe ajuaye ya ghaibu, wasiende kwa asiyejua hata ya kesho yake. Mwenye mgonjwa ampeleke hospitali na amwombee. Aliyemvika mtoto wake hirizi yenye majina asiyoyajua amvue, amfundishe Suratul-Falaq na Suratun-Nas. Na aliyezoea kupeleka ubani na vitambaa mzimuni ajue kuwa alama zinazochorwa juu ya miamba ya Ulaya na vitambaa vinavyofungwa mibuyuni kwetu ni ndugu wa baba mmoja.

Na kwa vijana waliouliza suala hili twasema: Mkikutana na mfuasi wa chama hicho msimcheke. Msikilizeni, kisha mwambieni kwa upole kwamba nyote mnautazama mlima mmoja, ila nyinyi mwamwomba aliyeuumba. Lakini kabla ya kumwambia hayo tazameni kwanza shingoni mwenu na viunoni mwenu na juu ya vizingiti vya milango yenu, asije akawauliza: Na hiki ni nini?

Ama yule mzee wa posa, hatukumtaja jina wala hatutamtaja. Kijana bado hajaoa. Simu aliyoitumia kumuuliza mpiga falaki ingali mkononi mwake, na kumpigia babake kijana si jambo la aibu, bali ni toba iliyo wazi, na kila mwenye kuifanya huinuka cheo mbele ya Mola wake na mbele ya watu wenye akili.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki tuijue kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili tuijue kuwa ni batili na utuepushe nayo. Usizifanye nyoyo zetu zimtegemee mwingine asiyekuwa wewe, wala mlima, wala nyota, wala maiti, wala mtu aliye hai. Amin.

Wabillahit-tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.